Mtu Aliyekufa Bila Matanga

Nimezozana na watu wengi maishani mwangu, na karibu wote tulimalizana. Nasema hivyo bila kujisifu. Ama wacha nijisifu, umri umefika. Nilitoka Kitui na shati moja, darasa la tatu sikulimaliza, nikafika Laini Saba, Kibera, kando ya reli nikaanza kugonga bati. Nilitengeneza masanduku ya watoto wa bweni, yale ya kufuli mbele na mkono juu. Kanjo, askari wa jiji, walikuwa wakija wanayarusha mtaroni, mimi nayaokota, nayanyoosha kwa nyundo, nayauza. Jirani aliwahi kuniibia bati zima. Tukaitwa mbele ya wazee, akaona haya, akarudisha, na baadaye akanisimamia kwenye arusi yangu. Hivyo ndivyo nilivyojua watu.

Masanduku hayo ndiyo yalininunulia kiwanja Kawangware, kule chini upande wa mto. Mke wangu ndiye alichagua. Kulikuwa na viwanja vingine vya bei nafuu, lakini yeye alisimama pale akatazama juu, akaona njia imenyooka moja kwa moja mpaka barabarani, pana ya kupita mkokoteni wa maji, akasema, "Hapa, fundi. Hapa nikizeeka bado nitaona magari." Aliniita fundi siku zote. Hata mbele ya wakwe aliniita fundi.

Njia hiyo haikuwa yangu wala ya mtu mwingine. Ilikuwa ya wote, na ilikuwa kwenye ramani ya jiji kabla sisi hatujafika. Watoto wangu walienda nayo shule. Wapangaji wangu walienda nayo kazini. Na sukari ilipomshika mke wangu, ikamla miguu kwanza halafu figo, njia hiyo ndiyo nilimsukumia na kiti chake cha magurudumu mpaka juu, tukapanda gari kwenda hospitali kusafishwa damu. Kila wiki tulikwenda, na tuliporudi alikuwa amechoka hata kuongea, lakini tukifika pale juu kabla ya kuteremka aliniambia nisimame kidogo, atazame nyumba yake kutoka mbali. Anayaangalia mabati yake, anaangalia nguo kwenye kamba. Halafu anasema, "Haya, twende kwetu."

Basi kampuni fulani ikanunua viwanja vya juu, hiki cha kushoto cha njia na kile cha kulia. Hilo ni sawa, mwenye pesa anunue. Lakini walipojenga ukuta hawakujenga kila upande ukuta wake. Waliunganisha viwanja viwili kwa ukuta mmoja mrefu, na njia yetu ikabaki humo ndani. Tuliamka tukakuta mawe. Nikamwuliza msimamizi wa mafundi ni nani amemtuma. Akasema kampuni. Nikamwuliza mwenye kampuni anakaa wapi. Akacheka, akasema, "Mzee, hata mimi sijawahi kumwona. Napigiwa simu tu."

Njia nyingine iliyobaki ni ile ya mtoni, kwenye mawe na mbao, na mvua ikinyesha haipiti hata mbuzi. Mke wangu tulimbeba. Mimi na wapangaji wawili, kiti na yeye juu yake, na chini maji machafu. Alikuwa mtu wa mzaha lakini siku ile hakufanya mzaha. Alifumba macho njia nzima.

Nikaenda ofisi za kaunti. Nilimpata mama mmoja afisa, mtu mzuri, siwezi kumsema vibaya mpaka kesho. Alikuja mwenyewe na viatu vyake vizuri, akapita mtoni, akafungua ramani yake, akasema wazi kwamba ukuta umesimama juu ya njia ya umma. Vijana wake wakachora alama ya X kwa rangi nyekundu, kubwa, ukutani. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeona X hiyo maisha yangu yote. Ilichorwa kwenye vibanda vya Laini Saba, na asubuhi yake hakikubaki kibanda. Nikamwambia mke wangu, "Kesho utapita."

Kesho haikufika. Kampuni ilikwenda kortini ikapata oda ya kuizuia kaunti isiguse ukuta mpaka kesi isikizwe. Nikarudi kwa yule mama. Sikuelewa, nikamwambia sielewi. Wakati wa vibanda vyetu mlikuwa mnakuja na tingatinga kabla hatujanywa chai. Mbona huyu mnamngoja? Akaniambia kwamba kaunti ina mipaka yake, na korti ikisema simama, kaunti inasimama. Na kwamba kampuni ina haki ya kusikizwa kama mimi.

"Kama mimi vipi?"

"Mbele ya sheria, mzee, kampuni ni mtu. Ina mali yake, inashtaki, inashtakiwa. Ni mtu."

Wasomi labda wanalijua hilo tangu utoto. Mimi nililijua siku hiyo, na nitasema ukweli, nilifurahi. Nilipanda gari la kurudi nikiwa na nguvu mpya. Nilikuwa nafikiri tunapigana na ukuta, ama pesa, ama serikali. Kumbe ni mtu. Mtu anaitwa, anaambiwa, anaona haya.

Nilipomwambia mke wangu alilala pale kitandani akatazama dari. "Ni mtu?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Muulize kama ana mama. Kama ana mama nitaongea naye mimi."

Wazee wenzangu wa huku chini walifurahi kama mimi. Wengi ni watu wa Kitui na Machakos, na sisi tuna utaratibu wetu. Mtu akikukosea unamwita. Unamtumia mjumbe, asipokuja unatuma tena, asipokuja unatuma mara ya mwisho, na akikataa hapo jina lake linaharibika kwa majirani wote. Akija, anawekewa kigoda katikati, wazee wanamzunguka, anaambiwa kosa lake akiwa ameketi chini kuliko wote. Akiisha kukubali anachinjiwa mbuzi, mnakula, yameisha. Nimeona wanaume wakali wakilia juu ya kigoda kile.

Nikamwalika na rafiki yangu wa zamani wa Kibera, Mnubi, mwenye vyumba vya kupangisha kule Kianda. Huyo nilimlipa kodi nikiwa kijana, na tukawa kama ndugu. Watu wake wamezozana na serikali juu ya ardhi tangu babu zao walipokuwa askari, kwa hiyo nilidhani atatusaidia kwa maneno. Alinisikiza mpaka mwisho, akavua kofia akajikuna.

"Kwa hiyo mbuzi atakula nani?"

"Tutakula wote."

"Na kwenye kigoda utamkalisha nani, ndugu yangu? Hawa hawana makalio."

Lakini alikuja. Hata mbuzi alimchinja yeye, maana ni Mwislamu, apate kula.

Mjumbe wetu alikwenda getini mara zile zote, akasimama akaita kampuni kwa jina lake kama lilivyoandikwa kwenye bango. Soja wa getini alimwambia mara ya kwanza hayuko, mara ya pili hayuko, na mara ya mwisho akasema atapiga simu. Siku ya kikao akaja kijana wa suti, wakili. Alikuwa na adabu, aliwasalimu wazee wote kwa mkono. Tukamwonyesha kigoda. Akatabasamu, akasema atasimama tu.

"Keti, kijana," mwenyekiti wetu akamwambia. "Aliyeitwa huketi."

"Mzee, aliyeitwa si mimi. Mimi si kampuni. Nimetumwa kuwasikiliza tu."

Wazee wakatazamana. Mwishowe tukaacha kigoda pale katikati kitupu, na wakili akasimama kando yake na simu yake mkononi, na tukaongea na kigoda. Nacheka nikikumbuka, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Mwenyekiti, mzee kuliko sisi wote, alianza kama inavyopasa. Kwetu huanzi na kosa la mtu. Unaanza kwa kumpa heshima yake, umpe anachostahili na kidogo zaidi, ili moyo wake ulainike. Kwa hiyo alisimama, akakitazama kigoda, akasema, "Jirani, hatukugombi. Ardhi hii ni yako yote, tunajua, umeinunua kwa jasho lako, Mungu akubariki nayo. Sisi ni kuomba tu. Tunaomba utupe pa kupita, kwa sababu ya huyu mama mgonjwa." Wote tukasema ndiyo, ndivyo.

Wakili alikuwa anarekodi kwenye simu. Alishukuru, akasema atafikisha. Nyama hakula.

Kortini maneno yale yalisomwa. Nilikuwa nimeketi nyuma, nimevaa koti la arusi ya binti yangu. Yakasomwa kwa Kiingereza halafu karani akayasema kwa Kiswahili: wazee wa wakazi wamekiri kwamba ardhi yote ni ya kampuni, na wamekiri kwamba kupita ni kuomba, si haki. Mimi nikasimama. Nikasema hiyo si kukiri, hiyo ni adabu. Nikaambiwa niketi. Yule mama wa kaunti aligeuka akanitazama, hakunilaumu, lakini nikaona mabega yake yameshuka. Wakili wa kaunti akalazimika kuanza upya, kutafuta ramani za zamani, kutafuta mashahidi, na kesi iliyokuwa karibu kuisha ikaenda mbele na mbele.

Wapo majirani waliotulaumu baadaye, walisema wazee tuliuza njia kwa mdomo. Sikubali mpaka leo. Mwenyekiti wetu alisema kama alivyofundishwa na baba yake. Kampuni kama ingekuwa mtu kweli, ingejua hiyo ni adabu.

Mke wangu hakuweza kungoja. Madaktari walisema akikosa kusafishwa damu tena hatutamwona. Binti yetu anashona sare za shule kule Kianda, kwenye chumba cha yule rafiki yangu Mnubi, mlango unatazama barabara, gari linafika mpaka mlangoni. Tukakubaliana aende huko. Mimi nilibaki Kawangware kwa sababu ya vyumba na kwa sababu wakili wa kaunti aliniambia shahidi lazima awe mkazi. Tulikuwa tumelala chumba kimoja tangu ujana.

Kila siku nilimaliza kazi nikatembea ama nikapanda boda mpaka Kianda. Namkuta amekalishwa mlangoni kati ya vitambaa vya kijani na vya maruni, anawatazama watoto wa shule. Rafiki yangu alimletea maziwa na kumtania kwamba sasa yeye ni mpangaji wake, atampandishia kodi. Mke wangu alicheka. Lakini tulipobaki peke yetu hakuuliza habari za watu. Aliuliza habari za vitu. Kama bomba bado linavuja. Kama nimefunika unga. Kama ile mboga yake ya kando ya bafu bado iko. Nilikuwa namdanganya kuhusu mboga. Mboga ilikauka wiki ya kwanza.

Siku moja alinishika mkono wa shati. "Fundi, hapa ni pazuri. Binti ananitunza, sina neno. Lakini hapa ni pa kukodi. Nikifa nitoke kwangu. Mlango wangu ufunguliwe, nitoke kwangu, ndio niende Kitui."

Nikamwambia hafi. Akasema, "Sijakuuliza kama nitakufa."

Kwetu mtu huagwa akitoka kwenye mlango wake. Mwili ukitoka mochari, gari linapita nyumbani kwanza, jeneza linashushwa, mlango unafunguliwa, majirani wanaimba, halafu ndiyo safari. Hata maskini wa mwisho Kawangware anapitishwa nyumbani. Nikamwahidi. Nilikuwa na uhakika, kesi ilikuwa inaelekea kwetu.

Na tulishinda. Nataka hilo lijulikane. Hakimu alikubali ramani, akasema njia ni ya umma na kampuni ibomoe ukuta, na isipobomoa kaunti ibomoe. Mama wa kaunti alinikumbatia pale nje ya korti, afisa mzima. Nilipanda gari nikashuka Kianda nikanunua ndizi na mkate, nikaingia kwa binti yangu kama bwana arusi. Mke wangu alilia. Akaanza kumwambia binti akunje nguo zake. Nikamwambia angoje kidogo, wabomoe kwanza.

Ukuta haukubomolewa. Nilikwenda kaunti tena. Yule mama alikuwa ameketi na hakusimama kunisalimia kama kawaida yake.

"Mzee, ile kampuni haipo."

"Imehama?"

"Imefungwa. Imevunjwa kisheria. Kabla haijavunjwa iliuza viwanja vyake kwa kampuni nyingine. Oda ya korti ilikuwa juu ya ile ya kwanza. Hii mpya inasema haikuwa kwenye kesi, haijui habari hizo, na imepata oda yake."

Nilitoka ofisini kwake nikaenda moja kwa moja mpaka barabarani kutazama. Soja ni yule yule. Rangi ya ukuta ni ile ile, na X yetu bado iko, imefifia. Bango tu ndilo jipya. Nikamwuliza soja mshahara anapewa na nani sasa. Akasema simu inayompigia haijabadilika.

Nikarudi kwa mama wa kaunti kesho yake. Nilikuwa na hasira, nikamwuliza kwa sauti, mbele ya watu, "Huyo mtu amekufa?"

"Tunaweza kusema hivyo."

"Amezikwa wapi? Nani alilia? Sisi majirani mbona hatukuitwa matanga?"

Nilimwona anatafuta kalamu ambayo ilikuwa mbele yake. Nikamwomba msamaha, nikaondoka. Hakuwa na la kufanya. Aliweza kuvunja vibanda vya kila mama mboga kuanzia Kawangware mpaka Kibera, lakini huyu kila akimkamata anabaki na shati mkononi.

Kumwambia mke wangu ndiyo ilikuwa kazi. Nilimkuta amevaa leso yake nzuri. Nguo zilikuwa kwenye sanduku, lile la bati nililomtengenezea tulipooana, amelikalisha karibu na mlango. Nilimweleza yote, polepole, kama nilivyoelezwa. Kwamba mtu tuliyemshinda amekufa, na mtu mwingine amezaliwa amerithi ukuta, lakini hakurithi kosa.

Halafu akasema, "Mimi nikifa, deni langu la sukari kwa yule wa duka mtalipa?"

"Tutalipa."

"Basi mimi ni mtu," akasema, akageuza kichwa upande wa ukuta. Hakuuliza tena habari za nyumba. Hata bomba hakuuliza.

Alikufa mwanzo wa mvua ndefu, mchana, binti yetu akiwa kwenye cherehani mbele yake. Binti alidhani amesinzia, akaendelea kushona, akapunguza mwendo wa cherehani asimwamshe.

Siku ya kumsafirisha, gari la mwili lilitoka mochari likapita Kianda, watu wa Kibera wakamwimbia, halafu likaja Kawangware na kusimama barabarani mbele ya ukuta. Majirani wetu wa chini wote walikuwa wamepanda kupitia mtoni, wanawake na nguo zao nyeusi zimelowa mpaka magotini. Mto ulikuwa umejaa. Jeneza lisingepita huko, hata vijana walikubali. Baadhi yao walileta ngazi, wakasema tumpitishe juu ya ukuta. Nikakataa. Mke wangu si gunia. Wengine walikuwa na nyundo, vijana wa jua kali, wagonga bati kama mimi, wananiheshimu, wakaniambia, "Mzee, sema tu." Na mimi nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa umefunguka tayari. Lakini nilijua polisi watakuja, tutakimbia, na atabaki peke yake barabarani ndani ya gari. Nikawaambia wasiguse. Soja alikuwa amevua kofia, analia kuliko ndugu zangu.

Nikamwambia binti yangu aanzishe wimbo na wangoje. Nikashuka mtoni peke yangu. Nilianguka mara moja, nikainuka. Nilifika kwangu, nikafungua mlango wake, nikaufungua wote mpaka ukagusa ukuta. Ndani kulikuwa na harufu ya nyumba iliyokaa na mwanamume peke yake. Nikasimama kando, kwa sababu aliyefungua hasimami katikati. Nikangoja atoke. Miguu yake ilikuwa mibaya, angechukua muda kutoka kitandani mpaka kizingitini, angeshika kabati, angeshika kiti, angepumzika hapo mlangoni akitazama mboga yake. Nilimpa muda wote huo. Kutoka ng'ambo ya ukuta nilisikia wanaimba lakini sikumwona mtu hata mmoja, wala gari.

Nilipoona muda umetosha nikafunga, nikaweka kufuli. Nikapanda tena kwa mtoni. Binti yangu aliuliza kama tayari. Nikasema mama yako ametoka, twende. Dereva akawasha gari.